Mtetezi wa Hola, mbunge wa Wolverhampton

Hapa Wolverhampton, Uingereza, hakuna anayemwita Enoch Powell, mbunge wa zamani wa mji huu, kwa jina la Powell. Ni Enoch, basi, kama mtu wa nyumba ya pili, hata kwa vijana waliozaliwa yeye ameshazikwa. Nimekuwa nesi wa wagonjwa wa akili katika mji huu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na jina hilo nimelisikia wadini, kwenye basi, kwa kinyozi nilikompeleka mwanangu, na hata msibani. Hutajwa kwa kunong'ona au kwa kelele. Sijapata kumsikia mtu akilitaja kwa sauti ya kawaida.

Nami kwetu ni Hola, Tana River. Mkenya akisikia Hola hahitaji kuelezwa. Kwa wasomaji wa kwingine, ni mji mdogo kando ya Mto Tana, makao makuu ya kaunti, joto lake si la mchezo, na ndipo serikali ya mkoloni ilipoweka kambi ya wale wafungwa wa Mau Mau walioitwa sugu, waliokataa kukiri na kukataa kufanya kazi. Tarehe 3 Machi 1959 zaidi ya wafungwa 80 walitolewa kambini kupelekwa kwa nguvu kwenye mradi wa kumwagilia mashamba, askari wakiwa na virungu mkononi. Waliokufa kwa kipigo walikuwa 11, na wengine wengi waliumizwa vibaya. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema wamekufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji.

Babu yangu, Mpokomo wa kando ya mto, hakuwa mtu wa siasa. Lakini tulipokuwa watoto, mmoja wetu akilalamika kwamba maji ya mto yamechafuka, babu alikuwa akicheka kicheko kibaya na kusema, "Kunyweni tu, wajukuu wangu. Maji ya Hola hayajaua mtu bado." Mimi nikidhani ni utani wa wazee. Nilikuwa sekondari nilipojua alikuwa akimjibu nani.

Basi ilinichukua kuvuka bahari kugundua kwamba usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 1959, katika Bunge la Makabwela kule London, mtu aliyewatetea maiti wale kuliko wabunge wengi wa siku ile alikuwa mbunge wa mji huu ninaoishi, mtu wa chama cha Conservative, na kwamba ni mtu huyohuyo ambaye miaka isiyotimia tisa baadaye alisimama Birmingham akatoa hotuba iliyowafanya watu weusi wa Wolverhampton waogope kutoka nje. Nimekuwa nikiishi katikati ya hotuba hizo mbili, nazo zimenifundisha jambo kuhusu kazi yangu ambalo darasani sikufundishwa.

Nilimfikia Powell kupitia mgonjwa. Alikuwa mzee aliyefanya kazi kiwanda cha matairi hadi kustaafu, mpole, msahaulifu, mwenye mikono mikubwa ambayo mafuta meusi yalikuwa yameingia kwenye mistari ya ngozi yasitoke tena. Nilikuwa namkata kucha. Akaniambia, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba Enoch alisema kweli. Halafu akaniangalia, akagundua anazungumza na nani, akaona haya. "Si wewe," akasema. "Wewe ni nesi." Alitaka kunifariji, na alikuwa anamaanisha. Nikamaliza kidole gumba nikaenda kwenye kingine.

Jioni ile nikaitafuta hotuba ya Birmingham niisome mwenyewe badala ya kuisikia midomoni mwa watu. Nikakuta mle ndani msamaha uleule niliopewa na mzee wangu. Powell anasema madaktari kutoka Jumuiya ya Madola, ambao wamewezesha huduma ya hospitali kupanuka haraka kuliko ambavyo ingewezekana, hao si wahamiaji na hawajapata kuwa wahamiaji. Mzee hakuwa amebuni. Alikuwa amehifadhi, baada ya miaka yote ile, na ugonjwa ule wa kusahau, sehemu ya hotuba iliyotufaa sote wawili kwa asubuhi moja. Nikaendelea kusoma juu ya maisha ya huyo bwana, na katikati ya kitabu cha Kiingereza nikakutana na neno Hola. Nilirudi nyuma ukurasa mzima kuhakikisha nimesoma sawasawa.

Alizaliwa Stechford, Birmingham, Juni 1912, mtoto wa pekee wa walimu wawili. Mama yake alijifunza Kigiriki mwenyewe, na mtoto akakifuata. Alisoma Cambridge, Chuo cha Trinity, ambako profesa wa Kilatini alikuwa A. E. Housman, mshairi na mkosoaji mkali wa maandiko ya kale, mtu ambaye hakumsamehe mwanachuoni yeyote kwa uvivu wa kuamini nakala bila kuipima. Powell akawa wa mtindo huohuo. Kazi yake iliyomjengea jina ni kamusi ya maneno ya Herodoto, mwanahistoria wa Kiyunani, iliyotoka mwaka 1938. Kazi ya namna hiyo ni ya kuchosha kupita kiasi: unapita neno baada ya neno, unaandika limetumika wapi, kwa maana gani, na nakala zipi zinapingana. Akiwa na miaka 25 aliteuliwa kuwa profesa wa Kigiriki Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, na miongoni mwa waliokaa kwenye mihadhara yake ni kijana Gough Whitlam, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa nchi ile.

Alipofika Sydney aliwaambia wakuu wa chuo kwamba vita vinakuja na vikianza ataondoka. Vikaanza, akaondoka. Aliingia jeshini mwaka 1939 akiwa askari wa kawaida na kutoka akiwa brigedia. Alihudumu kwenye ujasusi Afrika Kaskazini na India, akajifunza Kiurdu, akapanga moyoni kwamba siku moja atakuwa Makamu wa Mfalme wa India. Mwaka 1947 India ikajitawala na mpango ukafa. Inasimuliwa kwamba habari ile ilimfanya atembee barabara za London usiku kucha. Mtu anaweza kucheka, mimi nilicheka, lakini ni muhimu kwa yatakayofuata. Mwaka 1950 alishinda kiti cha Wolverhampton South West, na akakishikilia kwa miaka 24.

Hotuba ya Hola iko kwenye Hansadi, na Hansadi siku hizi iko kwenye intaneti bure. Niliisoma kwenye simu wakati wa mapumziko ya zamu ya usiku, chai ikipoa. Ilikuwa saa saba na robo usiku aliposimama kuzungumza. Serikali iliyokuwa ikishutumiwa ilikuwa ya chama chake, uchaguzi mkuu ulikuwa miezi michache mbele, na yeye mwenyewe alikuwa ameketi viti vya nyuma tangu Januari 1958 alipojiuzulu Wizara ya Fedha pamoja na waziri wake kwa sababu ya ugomvi wa matumizi ya serikali. Mwenye tamaa ya kurudi kwenye uwaziri angekwenda kulala.

Kilichonishangaza ni kwamba hotuba haina makelele. Mtu anachambua nyaraka. Serikali ilikuwa imetoa karatasi zake kuhusu kambi, na Powell anazipitia kama alivyokuwa akipitia nakala za Herodoto: mpango wa kuwalazimisha wafungwa kufanya kazi ulipendekezwa na nani, ukabadilishwa wapi, ukapita mikononi mwa nani, nani aliujua kabla ya tarehe ya tukio na nani alipaswa kuujua. Kila akifika kwa mdogo aliyekuwa karibu na virungu, anaonyesha kwamba karatasi inapanda juu zaidi. Hakubali lawama iishie kwa mkuu wa kambi. Mbunge wa chama chake alikuwa amesema kwamba wale waliokufa walikuwa chini ya ubinadamu. Powell akamjibu kwamba ni fundisho la kutisha, litakalowarudia wenyewe wanaolitamka, kumhukumu binadamu mwenzako na kusema kuwa kwa vile alikuwa hivi na hivi, basi yale ambayo yangefuata kifo chake yasifuate. Kisha akafika kwenye sentensi inayonukuliwa mpaka leo: hatuwezi kusema tutakuwa na viwango vya Kiafrika Afrika, viwango vya Kiasia Asia, na labda viwango vya Kiingereza hapa kwetu.

Alipoketi alikuwa analia. Denis Healey, wa chama cha Labour, ambaye hakuwa na sababu ya kumpenda, alisema baadaye kwamba ni hotuba kubwa kuliko zote alizozisikia bungeni. Hakuna waziri wala gavana aliyejiuzulu kwa ajili ya Hola. Lakini wafungwa 11 ambao serikali ilisema wameuawa na maji walipata, kwa saa moja ya usiku, mtu wa kusoma karatasi zao mpaka mwisho. Nilimpigia simu mama Hola kumweleza. Akaniuliza kama huyo mzungu ni wa kanisa gani.

Mwaka uliofuata Powell akarudi serikalini, Waziri wa Afya, 1960 hadi 1963, na hapo ananihusu mimi kwa mshahara kabisa. Machi 1961 alisimama mbele ya mkutano wa watu wa afya ya akili akasema kwamba yale majumba makubwa ya vichaa yaliyojengwa na mababu, yenye minara ya maji inayoonekana kutoka mbali, yanapaswa kufungwa. Alitabiri kuwa ndani ya miaka 15 vitanda 75,000 havitahitajika. (Maji yanamfuata huyu bwana: Hola gari la maji, hospitali mnara wa maji, na bado hatujafika mtoni.) Wakuu wa hospitali hawakufurahi, lakini kazi ninayofanya leo, ya kwenda kumwona mgonjwa nyumbani kwake, sebuleni, paka akiwa mapajani, ni mtoto wa wazo lile. Mimi niliyepitia mafunzo Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Nairobi, najua tofauti ya mtu aliyelala kwenye wadi ndefu na mtu mwenye ufunguo wa mlango wake. Enoch alikuwa sahihi kuhusu majumba. Fedha za kuwatunza watu mitaani ndizo zilizotambaa nyuma miaka na miaka, na wagonjwa wakalipa hilo pengo. Mengi ya majumba yale sasa ni fleti za bei mbaya.

Katika miaka hiyohiyo ya uwaziri wake hospitali za Uingereza zilikuwa zimeshaanza kuegemea wauguzi na wanafunzi wa uuguzi kutoka Karibi. Aliwajua. Alikuwa akiwalipa.

Halafu 1968. Tena Kenya imo, na hili Waingereza wengi wanaolitaja jina lake hawalijui. Mwaka 1967 serikali ya Jomo Kenyatta ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana Wahindi wasio raia. Maelfu walikuwa na pasipoti za Uingereza, wakaanza kupanda ndege kuja London. Serikali ya Labour ikaharakisha sheria bungeni kwa siku chache tu, ikawa tayari tarehe 1 Machi 1968, ya kuwazuia watu wenye pasipoti ya Uingereza kuingia Uingereza. Iain Macleod, mhafidhina, rafiki wa Powell wa tangu zamani na aliyekuwa Waziri wa Makoloni baada ya Hola, aliipinga kwa kusema nchi ilikuwa imewapa watu hao neno lake. Powell alikuwa upande wa pili.

Jumamosi tarehe 20 Aprili, katika chumba cha hoteli mjini Birmingham, mbele ya wanachama wa chama chake, akaisoma ile hotuba. Nakala ilikuwa imepelekwa mapema kwa watu wa televisheni, wakaja na kamera. Anaanza na mpiga kura wake, mtu wa kawaida tu, asiyetajwa jina, aliyemwambia kwamba baada ya miaka 15 au 20 mtu mweusi ndiye atakayeshika kiboko juu ya mweupe. Kisha inakuja barua. Barua imeandikwa na mtu asiyetajwa, inamhusu bibi kizee asiyetajwa, mjane, mzungu wa mwisho katika mtaa usiotajwa, anayevunjiwa madirisha na kusukumiwa kinyesi kwenye tundu la barua. Waandishi wa habari walikuja Wolverhampton wakamsaka bibi huyo mtaa kwa mtaa. Hawakumpata. Mwisho profesa akachomoa mstari kutoka utenzi wa Virgil, mshairi wa Roma ya kale: kama yule Mrumi, anaona Mto Tiber ukitoka povu la damu nyingi. Katika utenzi wenyewe maneno hayo anayasema nabii mwanamke, si Mrumi. Huyu ni mtu aliyekuwa profesa wa lugha za kale akiwa na miaka 25. Mwanafunzi wake wa Sydney angefanya hivyo, angerudishiwa karatasi.

Hapo ndipo penye mafunzo kwangu. Nimewasikia wengi wakisema kuna Powell wawili, mmoja mwema wa 1959 na mmoja mbaya wa 1968, kana kwamba alibadilishwa usiku. Rafiki yangu Mtanzania, mhasibu, tunayesali pamoja, hakubali hata kidogo. Yeye anasema Powell ni mmoja na alikuwa akiipenda Uingereza tu: Hola alilia kwa sababu heshima ya Uingereza imechafuliwa, Birmingham alilia kwa sababu mitaa ya Uingereza imebadilika, na sisi katika hotuba zote mbili ni vitu vya kutolea mfano. Ana hoja. Baada ya India kuondoka, Powell aliamini dola imekwisha na kilichobaki ni taifa, na taifa kwake lilikuwa na ukuta. Mtu wa Hola anastahili haki akiwa Hola.

Lakini nusu ya hoja hiyo naikataa. Mtu anayejali heshima ya nchi tu asingehitaji kusema "binadamu mwenzako". Tofauti ninayoiona mimi ni ya mkono, ya namna alivyoshika ushahidi. Kwa Hola alisoma. Kwa Birmingham aliambiwa. Kwa Hola alikataa kupokea maneno ya afisa mwenye cheo mpaka ayaone kwenye karatasi. Kwa Birmingham alipokea maneno ya mtu asiye na jina kuhusu mtu asiye na jina, akayasoma mbele ya kamera. Na kwa Hola alikuwa akizungumza na wabunge wachache wenye usingizi ambao wangeweza kumshika kosa. Birmingham alikuwa akizungumza na nchi nzima, ambayo ilikuwa inangoja kuambiwa hivyo. Msomi aliyezoea kusahihishwa na wenzake alikuwa amepata hadhira isiyosahihisha. Naona ndicho kilichomwangusha, kuliko chuki, ingawa chuki nayo siioni haba ninaposoma anavyowaeleza wale watoto weusi wanaocheka mtaani.

Nalisema hili kwa sababu ya kazi. Wadi ya wagonjwa wa akili inaishi kwa ripoti. Saa moja asubuhi wa usiku anamkabidhi wa mchana, saa moja jioni vivyo hivyo, na sentensi moja mbaya inaweza kusafiri zamu kwa zamu mwezi mzima. Tulikuwa na mama mmoja ambaye kila ripoti ilisema ni mkali, anarusha vitu, wahudumu wawili waende pamoja. Kijana mpya akaniandikia hivyohivyo. Nikamuuliza, umeona nini? Akasema ameambiwa. Nikamwambia aende akae naye, asiandike kitu mpaka aone. Akarudi baada ya chai. Betri ya kifaa cha masikio cha yule mama ilikuwa imekwisha; hakuwa akisikia mtu akimjia kutoka nyuma, na kila aliyemgusa bega alimshtua, naye akarusha kilichokuwa mkononi. Betri ikabadilishwa. Neno "mkali" lilikaa kwenye faili yake wiki kadhaa zaidi, maana faili haisikii betri, na kila nesi wa muda aliyekuja alimwendea kwa mbali.

Tangu hapo wanaofundishwa chini yangu nawatenganishia mambo mawili kwenye ripoti: nilichoona, na nilichoambiwa na nani. Wakichoka na mimi nawapa hotuba mbili za Enoch wasome. Wengi ni watoto wa Wolverhampton, weupe, Wahindi, Wajamaika, na wote hujua ile moja tu.

Madhara ya ile moja sikuyaona kwa macho, kwa hiyo hapa naripoti nilichoambiwa na mwenyewe yaliyempata. Nesi mstaafu wa Kijamaika, tunayemwita Mama sote kanisani, alikuwa wadini wiki ile ya Aprili 1968. Jumapili Edward Heath, kiongozi wa chama, alimfukuza Powell katika baraza lake la mawaziri kivuli. Jumanne makuli wa bandari ya London waliandamana hadi bungeni kumuunga mkono, na barua za kumpongeza zikaanza kumfikia kwa magunia, zaidi ya 100,000. Jumanne hiyohiyo mgonjwa mmoja aliyekuwa akilishwa na Mama kwa kijiko tangu operesheni alifunga mdomo. Hakutaka kulishwa na mkono mweusi. Sista wa wadi, mzungu, akaja, akasikiliza, akasema vizuri, kijiko kipo mezani, mkono wa kulia wako ni mzima. Mgonjwa akala mwenyewe kwa tabu, supu ikimwagikia kifuani, na kesho yake akafungua mdomo. Mama akimaliza kisa hiki hucheka mpaka anashika meza. Sijawahi kumsikia akimsamehe, na sijawahi kumuuliza.

Macleod, yule rafiki wa zamani, hakutaka tena urafiki naye. Mhariri wa gazeti la mji, ambaye familia zao zilikuwa zikitembeleana, alivunja urafiki pia. Mji wenyewe ulikuwa bado kwenye ugomvi wa madereva wa basi Masingasinga waliotaka kuvaa kilemba kazini; uliisha Aprili 1969 kwa madereva kuruhusiwa, na leo ukipanda basi hapa hakuna anayegeuka kutazama kichwa cha dereva.

Yaliyobaki ya siasa zake nayapita haraka kwa kuwa hayanigusi. Mapema 1974 aliacha kiti cha Wolverhampton na kuwaambia watu waipigie kura Labour kwa sababu ya hasira zake juu ya Soko la Pamoja la Ulaya. Oktoba mwaka huohuo akaibuka Ireland ya Kaskazini, mbunge wa South Down kwa chama cha Ulster Unionist, mpaka aliposhindwa 1987. Alifariki Februari 1998, akazikwa Warwick na sare zake za brigedia. Hakupata tena uwaziri baada ya ule wa Afya, na kwa mtu mwenye akili ile naona ni hasara, nikikumbuka minara ya maji. Alivyokuwa mgumu, angeweza kuwatoa jasho mawaziri wa kila chama kwa miaka 20 kama angebaki msomaji wa karatasi.

Hapa Uingereza raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anapiga kura hata kama hajachukua uraia, jambo ambalo Wakenya wengi wanaofika hawaambiwi na mtu. Mimi kura yangu ilikuwa ya Wolverhampton South West, mpaka jimbo hilo lilipofutwa mwaka 2024. Juni 2017 kiti kile cha Enoch kilichukuliwa na Eleanor Smith wa Labour, nesi wa chumba cha upasuaji, mtoto wa wazazi wa Karibi, mbunge wa kwanza mweusi wa kike kutoka West Midlands. Usiku ule wadini tulipeana habari kwenye ripoti kabla ya dawa, kinyume cha taratibu. Desemba 2019 alikipoteza kwa mgombea wa Conservative, uchaguzi ule wa Brexit. Nilizunguka na karatasi za kampeni za Eleanor barabara yetu yote, mvua ikinyesha, na katika milango niliyogonga hakuna aliyeitaja rangi yake. Walimtaja Jeremy Corbyn, kiongozi wa Labour wakati ule, na mashimo ya barabara.